Mark X au Premio kwa njia ya tope?

Wakuu, nimejichanga, sasa nimekwama kati ya Mark X ya cc 2,500 inayosukumwa na tairi za nyuma na Premio ya cc 1,500 inayovutwa na za mbele. Nyumbani ni Lushoto, ndani ndani huko: lami ikiisha ni udongo mwekundu, na masika unateleza kama mlenda. Fundi wangu anasema Premio, maana uzito wa injini unakandamiza tairi zinazovuta. Shemeji anabisha: mlimani ukiwa na watu wanne na magunia ya viazi kwenye buti, uzito unarudi nyuma, za mbele zinazunguka bure. Roho yangu iko kwa Mark X, ila mafuta yake nayaogopa. Mliowahi kupanda nazo kwenye tope, ipi iliwalaza njiani?