Kugeuza skripti ya Python iwe programu inayojitegemea ya Windows

Swali
Ndugu zangu, nimeandika skripti ya Python inayosoma faili la mauzo na kutoa risiti yenye nembo ya duka. Nimeifungasha kwenye kompyuta yangu ya Linux kwa zana ya PyInstaller, kwa amri ya pyinstaller --onefile risiti.py (yaani kila kitu ndani ya faili moja), lakini faili lililopatikana halifunguki kwenye Windows ya dukani, ambako Python haijasakinishwa. Nifanyeje?

Jibu la kwanza
PyInstaller haitengenezi programu ya mfumo mwingine: ukiiendesha kwenye Linux utapata ya Linux tu, kwa hiyo huna budi kurudia kazi hiyo ndani ya Windows. Kama mashine ya dukani bado ni Windows 7, tumia Python 3.8, kwani kuanzia 3.9 haikubali.

Jibu la pili
Naunga mkono. Niongeze kuhusu nembo, maana hapo ndipo wengi hukwama: picha haiingii yenyewe, bali hutajwa kwa --add-data, na kwa kuwa --onefile hufungulia vitu vyote katika folda ya muda kila programu inapowashwa, skripti inapaswa kuitafuta picha hiyo kupitia sys._MEIPASS, yaani anwani ya folda hiyo. Binafsi ningechagua --onedir, ambayo hutoa folda badala ya faili moja na huwaka haraka zaidi.

Muulizaji
Nashukuru sana, imefunguka na nembo inaonekana. Tatizo ni dirisha jeusi linalojitokeza nyuma yake.

Jibu la pili
Ongeza --windowed, inayoliondoa dirisha hilo, ila umalize majaribio kwanza, kwa sababu ujumbe wa makosa huandikwa kwenye dirisha hilohilo.