Bei ya kuangusha mikaratusi iliyokauka, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina chenso, nimezoea kupasua mbao shambani. Sasa mama mmoja hapa Moshi anataka nimwondolee mikaratusi miwili mikubwa iliyokaukia pale pale iliposimama. Mmoja umeegemea paa la jikoni, wa pili uko karibu na nyaya za umeme. Matawi yameoza, kupanda sithubutu. Nimeulizia kreni ya kukodi, bei yake inameza faida yote. Mwenyewe anataka magogo yawe sehemu ya malipo, ila yamepasuka, naona ni kuni tu.

Wazoefu, kuangusha na kusomba mnatoza bei moja au mnatenganisha? Na gharama ya kuzimiwa umeme huwa juu ya nani?