Kutia kanyanga (pombe kali ya kienyeji) ndani ya esanse (petroli) ya boti: nitaua moteri?

Mwana_Idjwi
Jambo yenu, wakubwa. Niko na boti la mbao, linapakia mananasi na makaa toka Idjwi kuleta Bukavu. Moteri ni Yamaha Enduro ya farasi 15, ile ya kuchanganyia oli ndani ya esanse. Sasa esanse ya kadhafi, muuzaji wa barabarani, imepanda bei, na kuna siku haipatikani kabisa. Kule kisiwani shangazi yangu anapika kanyanga kali, ukiwasha kibiriti inashika moto. Mwenzangu wa Muhanzi ananiambia nitie lita 2 katika bidoni ya lita 20, eti Brazili magari yanatembea na pombe. Bado sijatia. Kuna aliyejaribu? Na oli niiongeze au niiache vilevile? Boti linabeba watu pia, sitaki linizimikie katikati ya ziwa.

Papa_Kadutu
Kijana, pombe ni moto na esanse ni moto. Nilimwona motari mmoja hapa Kadutu akitia, na pikipiki ikatembea vizuri, hata ikachangamka. Tia kidogo kidogo.

FundiWaNyawera
Papa, kwa heshima yote, hapana.

Mambo ya Brazili ni kweli. Walianza mpango wa Proálcool mwaka 1975, na Fiat 147 ya kutembea kwa pombe ya miwa ikatoka 1979. Lakini pombe inayochanganywa na petroli kule inakaushwa kiwandani mpaka maji yanakwisha. Kwa kuchemsha na kupoza tu, hata shangazi akirudia mwezi mzima, hawezi kupita kama asilimia 96 ya pombe. Na kanyanga ya kawaida haifiki karibu na hapo. Kushika moto siyo ushahidi: pombe yenye maji nusu kwa nusu bado inawaka.

Tupige hesabu. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli, yaani pombe hii hii ya kunywa, inavumilia maji kama nusu ya asilimia moja. Katika bidoni yako ya lita 20 hiyo ni mililita 100, nusu glasi. Lita 2 za kanyanga zinaweza kukuletea lita nzima ya maji.

Usiniamini mimi, chukua chupa nyeupe ya maji. Tia esanse ambayo umekwisha kuichanganya na oli yenye rangi, ongeza kanyanga, funga, tikisa, halafu iache mezani. Utaona mstari. Juu imebaki esanse na rangi yake, chini kuna kitu cheupe: maji yaliyobeba pombe. Rangi haikushuka, maana yake oli haikushuka. Sasa ukumbuke mrija wa tenki lako unanyonyea wapi. Chini! Moteri itakohoa na kuzima, na kama pombe inatosha kuwaka, pistoni itatembea bila oli mpaka ikwame. Kuongeza oli hakutasaidia kitu, itaelea kulekule juu.

Papa_Kadutu
Na yule motari?

FundiWaNyawera
Kwanza pikipiki yake bila shaka ina oli yake chini ya moteri, haitegemei oli ya ndani ya esanse. Pili, Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na karbirateri iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani inamwaga esanse kuliko hewa iliyopo. Ndiyo maana buji (plagi) zenu zinakuwa nyeusi. Pombe inakuja na oksijeni yake, kwa hiyo ukitia kidogo inapunguza ule wingi na moteri inachangamka. Mtu anafurahi, anaongeza. Hapo ndipo pistoni inaanza kupata joto lisilo lake.

Mkongo_wa_Theluji
Nawasalimu toka Québec. Huku nafanya kazi katika garaji ya pikipiki za theluji, na nyingi ni ndugu za hiyo Enduro, nazo zinaunguza oli pamoja na petroli. Watengenezaji kwa kawaida wanaruhusu ethanoli mpaka asilimia 10, basi. Wakati wa baridi wengine wanatia isopropanoli, pombe ya aina nyingine, kidogo sana tenkini ili matone ya maji yasigande njiani, lakini hiyo ni dawa ya barafu, siyo chakula cha moteri.

Kutembeza kwa pombe tupu kunawezekana, ila ni kazi. Petroli kilo 1 inataka hewa kilo 14.7, ethanoli 9, methanoli, ile pombe yenye sumu, 6.4. Kwa ethanoli lazima karbirateri ipitishe karibu mara moja na nusu ya kile ilichokuwa inapitisha, kwa hiyo unapanua matundu yake. Wa mashindano wanaotumia methanoli wanatia oli ya mbarika, kwa sababu oli ya kawaida haichanganyiki nayo. Mipira na mabomba ya zamani yanalainika. Asubuhi ya baridi moteri inagoma kuwaka. Na methanoli msiilete kabisa mahali panapopikwa kanyanga: inapofua macho na kuua, na mwali wake mchana hauonekani.

MamaMananasi
Mimi si fundi, nauliza franka. Lita ya pombe safi ina nguvu kiasi gani mbele ya lita ya esanse?

Mkongo_wa_Theluji
Kama theluthi mbili, mama.

MamaMananasi
Basi mwanangu, kama walevi wa Idjwi wanalipa kanyanga zaidi ya theluthi mbili ya bei ya esanse, na hiyo bado imejaa maji, uza kanyanga ununue esanse. Mnahangaika bure.

Mwana_Idjwi
😂 Mama umenimaliza. Nimefanya ile ya chupa, na mstari nimeuona waziwazi, rangi yote juu. Kanyanga inarudi kwa shangazi. Ila sasa nina wasiwasi na kadhafi mwenyewe: nitajuaje kama yeye hajatia kitu?

FundiWaNyawera
Chupa ileile. Tia maji kidogo, piga alama ya kalamu usawa wake, jaza esanse ambayo haijatiwa oli, tikisa, ngoja. Maji yakipanda juu ya alama, yamevuta pombe. Mafuta ya taa hayaonekani kwa njia hiyo. Hayo dondoshea karatasi nyeupe, esanse safi inakauka bila kuacha doa. Fanya mbele yake kabla hujalipa.