Niache uhasibu nikalime nyanya Ilula?

Mhasibu wa Iringa:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nina umri wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, na nimeajiriwa kwa miaka 9 katika kampuni binafsi hapa Iringa mjini. Kwa misimu mitatu nimelima nyanya ekari moja na nusu Ilula, shamba likiwa chini ya msimamizi, nami nikienda mwisho wa wiki tu. Msimu wa kwanza ulinipa zaidi ya mshahara wa miezi sita, wa pili ulirudisha mtaji, na wa tatu kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, alilimaliza shamba wakati nafunga hesabu za mwaka ofisini. Je, niache kazi nikakae shambani, au niendelee kulima kwa simu?

Mkulima wa Ilula:
Ndugu yangu, kuwapo shambani kunasaidia, lakini usimtwishe mdudu lawama zote. Tangu aingie nchini mwaka 2014 anatusumbua hata sisi tunaoamkia shambani, kwa sababu kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda, ambako dawa humfikia kwa shida, na dawa ikirudiwarudiwa huizoea. Kinachotuangusha zaidi ni bei. Nyanya ikishaiva haisubiri, na siku mzigo unapojaa masoko ya Dar es Salaam, dalali hukupigia akutajie bei isiyofikia hata gharama ya matenga na usafiri. Mimi niliacha ualimu na sijutii, ila ada za watoto nimezilipa kwa vitunguu, ambavyo vikikaushwa vizuri huweza kungoja bei.

Mstaafu wa utumishi:
Mimi nitagusa ajira pekee. Miaka 9 ni miezi 108 ya michango, iwapo mwajiri aliiwasilisha yote (hakikisha, usidhani), ilhali pensheni ya NSSF hudai angalau miezi 180. Aliyejiajiri anaruhusiwa kuchangia kwa hiari, lakini sehemu aliyokuwa akilipa mwajiri sasa itatoka mfukoni mwake, na mwezi wa kununua mbolea mchango ndio huwa wa kwanza kusahauliwa. Bima ya afya ya familia nayo uifikirie. Kwa kuwa notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 tu, mlango wa kutokea utakuwapo siku zote. Omba kwanza likizo bila malipo ya msimu mmoja.

Mama Shamba:
Mdogo wangu, wewe ni mhasibu, lakini umetuletea misimu mitatu bila hesabu hata moja. Je, mafuta ya kila Jumamosi uliyaandika? Na hayo maji ya shamba, uliyalipia kutoka mauzo au kutoka mshahara? Mshahara ukiwa ndio unaolisha shamba, siku ukikoma shamba nalo litalala njaa.

Mhasibu wa Iringa:
Ahsanteni. Jana usiku nilikaa na mke wangu tukaandika kila kitu, na dada yangu Mama Shamba ana haki ya kunicheka: msimu nilioamini ulirudisha mtaji, kumbe nilikuwa nimesahau mafuta na posho ya msimamizi, hivyo ulikuwa wa hasara. Nitaomba likizo hiyo bila malipo kwa msimu ujao wa umwagiliaji, ekari moja iwe ya vitunguu. Mkulima wa Ilula, naomba unielekeze namna ya kuandaa kitalu.