Kikundi cha majirani, Luchelele
Mama Neema: Mwangaluka majirani. Vifaranga wangu wananyoosha shingo juu, mdomo wazi, wanatikisa kichwa kama wamekabwa. Mmoja kafa alfajiri. Antibiotiki nimewapa, wapi! Ni mafua haya?

Baba Kulwa: Kideri hicho. Uza wote leo leo.

Mama Neema: Nimuuzie nani wagonjwa, Baba Kulwa? Wewe?

Rehema Duka la Mifugo: Wana umri gani? Uso umevimba? Kinyesi cha kijani?

Mama Neema: Wiki tano. Uso sawa, pua kavu, kinyesi cha kawaida. Wakubwa wazima.

Rehema Duka la Mifugo: Aliyekufa umeshamtupa?

Mama Neema: Yupo kwenye rambo.

Rehema Duka la Mifugo: Vaa mfuko mkononi, mpasue shingo kwa wembe. Fungua koromeo, ule mrija wa hewa wenye pete pete, siyo wa chakula.

Mama Neema: 📷 Mungu wangu! Vinyoo vyekundu, vimeng'ang'ania ndani. Kila kimoja kina panda kama manati.

Rehema Duka la Mifugo: Minyoo ya koo hiyo. Panda unayoona ni dume na jike, wameshaungana hawaachani. Jike hufika milimita 20 hivi, dume kadogo tu. Wananyonya damu na kuziba pumzi. Antibiotiki haiui mnyoo, mama.

Bibi Kulwa: Sisi kila kuku akikohoa tulisema mafua tu.

Rehema Duka la Mifugo: Shikamoo bibi. Kuku akikohoa, mayai ya mnyoo yanapanda mdomoni, anayameza, yanatoka na kinyesi. Kwenye udongo wenye unyevu, baada ya wiki moja au mbili yanaweza kuambukiza. Nyungunyungu akiyala, anatunza mabuu mwilini hata miaka.

Mama Neema: Nyungunyungu?? Kulwa na Doto wakitoka kuvua furu si ndiyo wanawamwagia vifaranga wangu chambo kilichobaki!

Baba Kulwa: Usiwasingizie wanangu.

Mama Neema: Jana jioni, na kopo la maziwa mkononi. Nikawashukuru kabisa 🤦🏾‍♀️

Rehema Duka la Mifugo: Hata bila wao wangedonoa wenyewe hapo unapomwaga maji ya vyombo. Wahamishie pakavu, takataka za banda choma. Njoo dukani uchukue dawa ya minyoo, fenbendazoli au levamisoli, tukadirie uzito wao. Wakubwa nao wapewe, wanaweza kuwa nayo wasioneshe.

Baba Kulwa: Na kanga wangu?

Rehema Duka la Mifugo: Nao wanashikwa. Bata mzinga ndiyo usiseme.

Baba Kulwa: Haya. Doto anauliza chambo kilichobaki apeleke wapi.

Bibi Kulwa: Arudishe ziwani. Furu hana koromeo 😂