Mradi umefungwa, nimepewa karatasi nisaini na benki wananidai. Naombeni ushauri

Mama Wawili
Habari za jioni wakuu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa miaka, leo imenibidi niandike.

Nipo Makambako. Nilikuwa mtunza takwimu kwenye kliniki ya CTC, yaani ya wanaotumia dawa za VVU, mshahara nikilipwa na shirika lililokuwa linatekeleza mradi wa VVU kwa fedha za Marekani. Mliofuatilia mnajua: tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na haikupita wiki miradi ikaanza kuambiwa isimamishe kazi. Sisi tuliambiwa tukae nyumbani tusubiri. Siku 19 zilizopita ikaja barua pepe kwamba mkataba umesitishwa kuanzia siku hiyohiyo. Notisi hakuna, kikao hakuna. Wagonjwa sikuwaaga. Kuna mabinti niliwatafuta miezi mpaka wakarudi kwenye dawa, sasa wananipigia kuuliza kama kliniki iko wazi. Nawaambia nendeni, dawa mtapata. Ila najua wakipotea tena hakuna wa kuwafuata.

Mshahara ulikuwa laki nane na nusu. Nimeanza Oktoba 2020, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kila Oktoba unahuishwa. Benki nadaiwa milioni 3.4, rejesho ni 240,000 kwa mwezi. Mume wangu ni fundi ujenzi, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi, maana waliokuwa wanajenga mjini hapa wengi ni sisi wa miradi. Nyumba mbili alizokuwa anazijenga zimesimama, wenyewe wamepoteza kazi kama mimi. Mama anayetupikia chakula cha mchana pale kliniki amepunguza unga nusu. Mtoto mkubwa yuko darasa la tatu shule ya kulipia.

Sasa afisa utumishi ametuma karatasi inaitwa "makubaliano ya kusitisha ajira kwa hiari". Ukisaini unalipwa mshahara wa mwezi mmoja. Shemeji naye anasema hela yoyote nitakayopata niiweke kwenye parachichi, eka moja anayo. Nisaini? Na hela nilipe deni au nipande?

Mkazi wa Ilula
Pole sana dada. Mimi nasema saini uchukue chako. Kesi na mashirika zinachosha, na fedha zenyewe zimekatwa huko Marekani, utamdai nani?

Katibu Tawi
Dada, usisaini. Nimekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwa muda mrefu, karatasi za namna hii nazijua.

Neno "hiari" hapo ndilo lenye sumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema na akae nao wajadiliane. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28, au alipwe badala yake. Kuna kiinua mgongo: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika. Wewe una miaka minne, hizo ni siku 28, na waambie wahesabu mikataba yote iliyofuatana, siyo huu wa mwisho tu. Ongeza likizo ambayo hukuchukua na cheti cha utumishi. Huo mwezi mmoja wanaokupa ni notisi yako tu, wameibadilisha jina.

La pili, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira. Aliyechangia miezi 18 au zaidi analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwako ni kama 283,000 kila mwezi. Lakini aliyeacha kazi kwa hiari yake halipwi. Umeona saini yako itakapokupeleka?

La tatu na la haraka: malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Wewe zimebaki 11. Nenda na mikataba yote, hati za mshahara, ile barua pepe ichapishwe. Wasuluhishi hawakutozi kitu, na wakili si lazima.

@Mkazi wa Ilula, mradi kukosa fedha kunaweza kuwa sababu halali ya kupunguza watu, hilo nakubali. Lakini haifuti stahiki zao.

Dereva wa Kaskazini
Niongeze ya nyumbani. Machi 2020 ndege zilipoacha kuja, mimi nilikuwa naendesha watalii Arusha. Nilikaa miezi minne naondoka asubuhi kama naenda kazini, mke hajui. Ili rejesho la benki lisikwame nikachukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, halafu nyingine ya kulipa ile ya kwanza. Walibeba friji na kochi watoto wakiangalia.

Kwa hiyo nenda benki kabla rejesho la kwanza halijakwama. Omba wapange upya marejesho, na uliza bima ya mkopo wako inagusa kupoteza kazi au ni kifo na ulemavu tu. Deni lote usilipe kwa mkupuo, utabaki huna ya unga.

Mkulima wa Uwemba
Parachichi nalima. Aina ya Hass ya kubebesha inaanza kukupa kitu mwaka wa tatu, na hapo umemwagilia na kuweka mbolea. Hela ya kula ya mwaka huu haipandwi kwenye mti. Kama shemeji ana nia njema, akupe robo eka ulime viazi msimu unaokuja, miezi mitatu minne unavuna.

Mtoto mhamishie shule ya serikali mwanzo wa muhula, usisubiri ada ikwame katikati.

Mama Wawili
Nimesoma yote, na mume wangu nimemsomea kwa sauti. Karatasi sijasaini. Wenzangu watatu nao walipewa karatasi hiyo, nimewapigia, wawili walikuwa wanasaini kesho na wamekubali kusubiri. Mmoja alishatuma juzi. @Katibu Tawi, huyo aliyesaini bado anaweza kwenda CMA, au ndiyo basi? Sisi watatu tunapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi kwenda Njombe, nikipata jibu lako kabla ya hapo nitamwambia aje naye.

Katibu Tawi
Aje. Aeleze alivyosaini, aliambiwa nini na alipewa muda gani wa kusoma. Abebe na simu yenye meseji zote za afisa utumishi, asifute hata moja.