Kituo cha fiziotherapia kimetufungia mlango sisi tunaouguza, na mama yangu ameungua

Ndugu wanajukwaa,

Nimekaa na hasira hii siku tisa kabla ya kuandika, kwa kuwa nilitaka niandike yaliyotokea na si matusi. Jina la kituo silitaji, na naomba asitokee wa kulitaja hapa chini. Wanaokitumia watakitambua kwa maelezo, na wasiokitumia huenda wakakiona cha kwao humu humu.

Mama yangu alipata kiharusi miezi tisa iliyopita. Upande wa kulia ulipooza na maneno yakampotea. Anaelewa karibu kila anachoambiwa, lakini akitaka kujibu hulipata neno moja kati ya kumi, na pengine hilo alilolipata silo alilokuwa akilitafuta. Anaweza kusema "ndiyo" huku anakataa, na anayemjua hulibaini hilo kwa kumtazama kipaji cha uso kinavyojikunja, si kwa kumsikiliza. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana lalamiko langu lote limesimama juu yake.

Kwa nusu mwaka tulihudhuria kituoni hapo mara tatu kwa wiki, nami sikuwa na la kulalamikia zaidi ya foleni. Nilikuwa nikiingia naye hadi ukumbi wa mazoezi, na mtaalamu aliyekuwa akimhudumia, kijana mmoja mwenye subira ambaye siku hizi hatupangiwi tena, alinifundisha mimi kwa kiasi kile kile alichomfundisha mgonjwa. Ndiye aliyenikuta siku ya kwanza nikimwinua mama kwa kumvuta mkono uliopooza, akanizuia kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima. Kisha akanieleza taratibu kwamba bega hushikiliwa zaidi na misuli kuliko umbo la mifupa yenyewe, kwamba misuli ikilegea baada ya kiharusi mfupa wa mkono huweza kuteremka kutoka mahali pake, na kwamba ndugu wenye huruma nyingi wanaouvuta mkono huo, au wanaomnyanyua mgonjwa kwa kumshika makwapani, ndio mara nyingi wanaouumiza. Akanionyesha inavyotakiwa: mgonjwa asogee ukingoni mwa kiti, miguu irudi nyuma mpaka nyayo ziwe chini ya magoti, kifua kiiname mbele hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, nami nisimame upande wake dhaifu nikimshika kiunoni. Mama akasimama. Nilikuwa nimeuvuta mkono ule kwa wiki kadhaa, kila asubuhi, nikidhani namsaidia.

Miezi miwili iliyopita ikabandikwa mlangoni karatasi yenye mhuri inayosema kwamba, kutokana na msongamano na haja ya kulinda faragha, ndugu wa wagonjwa hawataruhusiwa kuingia ukumbini. Benchi refu lililokuwa ndani likatolewa. Mazoezi ya pamoja ya kila Alhamisi yakafutwa, na kila mgonjwa akawekwa nyuma ya pazia lake na mashine yake. Pamoja na hayo wataalamu wakaanza kuzungushwa, kiasi kwamba katika wiki nane mama amepita mikononi mwa watu sita, na kila mmoja huanza kwa kufungua faili na kuuliza ni upande gani umepooza, wakati mkono wenyewe unaning'inia mbele ya macho yake.

Sasa niseme kilichonileta hapa. Siku tisa zilizopita mama aliingizwa ndani kwa kiti cha magurudumu, pazia likavutwa, nami nikabaki kwenye korido na ndugu wengine tukiwa tumesimama, kwa sababu hata viti vya korido havitutoshi. Alipotolewa baada ya dakika arobaini kipaji chake kilikuwa kimejikunja, na mkono wake mzima ulikuwa ukilivuta vazi begani. Nilipolikunja vazi hilo nikaona juu ya mkono wa kulia, chini kidogo ya bega, alama nyekundu yenye upana wa kiganja, kingo zake zimenyooka kama za kitu kilichobandikwa. Kufikia jioni palikuwa na malengelenge mawili. Walikuwa wamemwekea mfuko wa joto na kumwacha nao.

Mkono ule hauna hisia za kutosha, na ukiushika akiwa amefumba macho hajui umemgusa wapi. Wala hili si jambo la kusubiri wakubwa wa taaluma walijadili, kwani kabla ya kuweka joto mwilini mtu hupimwa kwanza kama ngozi yake inatofautisha moto na baridi, huambiwa aseme mapema likizidi, na ngozi hufunuliwa na kutazamwa baada ya kila dakika chache. Mgonjwa asiyehisi vizuri na asiyeweza kueleza anachohisi ndiye wa mwisho kabisa kuachwa peke yake na kitu cha moto. Nimeambiwa kwamba aliulizwa kama yuko sawa, naye akajibu "ndiyo". Mtu pekee ambaye angeweza kuitafsiri "ndiyo" ile alikuwa hatua sita kutoka kwake, upande wa pili wa mlango.

Nilipokwenda kwa msimamizi nilisikilizwa kwa adabu kubwa, jambo lililonikera kuliko kama ningefokewa. Alisema faili linaonyesha kuwa mgonjwa aliulizwa na akajibu. Nikamwomba afungue ukurasa wa kwanza wa faili hilo hilo, ambapo imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba mgonjwa ana tatizo la usemi na majibu yake yathibitishwe na ndugu. Hakuufungua. Akaniambia kanuni imewekwa kwa manufaa ya wote na akanielekeza kwenye sanduku la maoni, ambalo, kwa taarifa yenu, lina kufuli lililoshika kutu mpaka tundu la ufunguo halionekani.

Nitajitahidi kuwa mwadilifu katika hili la faragha. Wapo wagonjwa ambao mazoezi yao yanataka wavue nguo, wapo wanaotibiwa udhaifu wa misuli ya nyonga baada ya kujifungua, na hakuna anayetaka watu hao wakodolewe macho na ukoo mzima wa mgonjwa wa jirani. Mapazia ni ya haki. Lakini pazia humkinga mgonjwa dhidi ya wageni, na mimi si mgeni wa mama yangu. Mwenye uwezo wa kusema angeulizwa kama anataka ndugu yake awepo, na asiye na uwezo huo ndiye hasa anayemhitaji. Hawa wamechukua neno zuri wakalifanya kufuli.

Halafu tuhesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Miadi mitatu ya dakika 40 ni saa 2. Saa 166 zinazobaki mgonjwa yuko nasi: sisi ndio tunaomgeuza kitandani ili asipate vidonda vya mgandamizo, sisi ndio tunaouwekea mkono mto usining'inie, sisi ndio tunaomsimamisha na kumketisha mara ishirini kwa siku, na ubongo uliojeruhiwa hujifunza upya kwa kurudia tendo lenyewe mara nyingi, si kwa kulala chini ya mashine. Sidai kwamba ndugu anaweza kuchukua nafasi ya mtaalamu. Ninachodai ni kwamba mazoezi ya mtaalamu hufika nyumbani kupitia mikono ya mtu, na mtu huyo hawezi kuyafikisha asichokiona. Siku hizi ninachopewa mlangoni ni sentensi moja, "Endeleeni na mazoezi ya nyumbani." Nimewahi kuuliza ni yapi. Nikaambiwa, "Yale yale."

Jambo linalonitia uchungu kuliko yote, hata kuliko malengelenge yaliyoanza kukauka, ni lile benchi. Asiyewahi kukaa juu yake atadhani nazungumzia fanicha. Hapo ndipo nilipofundishwa kupandisha ngazi, na aliyenifundisha hakuwa mtaalamu bali mzee aliyebadilishiwa goti, ambaye alikuwa amelikariri somo lake vizuri kuliko waliompa: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu dhaifu utangulie. Mzee huyo huyo alikuwa akiwakemea wote waliotoka kufanyiwa upasuaji kama wake wakaweka mto chini ya goti kwa kutafuta nafuu, akiwaambia goti litazoea kupinda na halitanyooka tena. Alikuwa mkali, na alikuwa sahihi.

Hapo pia alikaa mama mmoja mwenye bega lililoganda, aliyefika akilia kwa sababu miezi minane imepita na bado hawezi kuchana nywele zake, mpaka mwenzake aliyekuwa na tatizo hilo hilo alipomwonyesha mkono ukipanda juu ya kichwa na kumwambia kwamba wake ulichukua karibu miaka miwili. Sijui kama kuna mtaalamu angeweza kumtuliza vile, kwa kuwa mtaalamu hana bega la kuonyesha.

Na walikuwapo kina mama wa watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Kwa njia ya Ponseti mtoto hufungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha huvishwa viatu vyenye kipande cha chuma katikati kwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu kila anapolala mpaka afikishe miaka minne au mitano. Usiku wa kwanza wa viatu hivyo mtoto hulia na nyumba nzima hukesha, na mzazi aliye peke yake hushawishika kuvivua. Kuviacha ndiyo sababu kubwa inayojulikana ya miguu kurudi ilikotoka. Pale benchini mama mgeni alikuwa akikabidhiwa kwa mama mzoefu bila mtu yeyote kuagiza, na kilio cha usiku kikawa jambo lenye mwisho. Sasa huitwa mmoja mmoja. Wawili kati yao sijawaona mwezi mzima, na sijamsikia mfanyakazi yeyote akiuliza waliko.

Kuhusu Alhamisi nitasema moja tu. Watu kumi waliopata kiharusi walikuwa wakizunguka ukumbini kutoka zoezi hadi zoezi, mmoja akisimama na kuketi, mwingine akipanda kijukwaa, mwingine akitembea kati ya vyuma viwili vya kushikilia, na wote wakihesabu kwa sauti. Mazoezi ya namna hii si burudani iliyobuniwa na wagonjwa. Yamefanyiwa utafiti katika nchi mbalimbali na yameonekana kuwasaidia watu kutembea mbali zaidi. Mama alikuwa kwenye vile vyuma wiki ya kumi na moja, ukumbi ukihesabu, "tano, sita," na kabla wengine hawajafika tukasikia sauti yake ikisema "saba". Yule kijana wa subira aliniambia baadaye kwamba kuhesabu, kama kuimba, mara nyingi hubaki hata pale usemi wa kawaida unapopotea. Sawa. Mimi nilichosikia ni mama yangu akisema neno ambalo lilikuwa ndilo alilolitafuta. Ukumbi ulisimama. Mzee wa goti akampigia makofi mpaka gongo likamwanguka.

Nyuma ya pazia hakuna anayehesabu.

Sina ugomvi na wale vijana sita. Najua wanapangiwa wagonjwa wengi kuliko uwezo wa mikono miwili, na najua mashine hupendwa na wenye kupanga ratiba kwa sababu inaweza kumshughulisha mgonjwa mmoja wakati mtaalamu yuko kwa mwingine. Ugomvi wangu ni kwa aliyekaa ofisini akaona msongamano, akawahesabu ndugu kuwa sehemu ya msongamano huo, wakati ndio waliokuwa wakisukuma viti, wakishika mikanda viunoni na kuokota magongo yaliyoanguka. Mmewaondoa wasaidizi msiowalipa, halafu mnalalamika kwamba kazi imezidi.

Nataka ndugu mmoja aruhusiwe kuingia na kila mgonjwa asiyeweza kujieleza, na nataka hilo lianze sasa bila kusubiri kikao. Nataka mgonjwa apangiwe mtaalamu mmoja kwa mwezi mzima angalau, na apewe karatasi yenye michoro ya mazoezi yake. Nataka yaliyompata mama yaandikwe kwenye faili lake kwa maneno yanayoeleweka, si "mgonjwa alijibu". Na benchi lirudi. Liko stoo, nimeliona, limewekewa maboksi ya karatasi.

NYONGEZA: Kuna aliyeuliza kwa nini nisihamie kwingine badala ya kulalamika. Ndugu yangu, kwanza hakuna kituo kingine ambacho mtu mwenye kiti cha magurudumu anaweza kukifikia mara tatu kwa wiki bila familia kuacha kazi. Pili, mama anajulikana pale. Mlinzi humfungulia geti kabla hatujafika, na dada wa mapokezi hujua kwamba akimuuliza jambo amwonyeshe kwa kidole na kumpa muda. Mambo hayo yalitengenezwa na watu kwa miezi, na siko tayari kuyaacha kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Kwa mwingine aliyeuliza kama nimeandika barua rasmi: nimeandika, nakala mbili, pamoja na picha za mkono zenye tarehe. Moja imepokewa na kugongwa mhuri. Miadi yetu ijayo ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Nitaingia na mama hadi ndani, na atakayenizuia nitamwomba aandike sababu yake kwenye nakala ya pili, aweke jina lake na atie saini.